Serveri imewaka, na kisha?



Wiki mbili zilizopita komite yetu iliweka hapa picha ambayo wote tuliiona: mashine nyeusi juu ya meza, kamba za umeme, wakubwa wetu wanne wanacheka, na keki pembeni. Chini yake waliandika: «Serveri ya TFC na memwari imewekwa. Kazi imekwisha.» Watu walipiga vidole gumba, na mimi niliweka kamoyo kekundu. Kisha siku ya tatu nikapanda hadi kwenye ofisi ya chama nikaiona kwa macho, nikakaa mbele yake saa mbili hivi. Leo naondoa kale kamoyo. Naomba wakubwa wasikasirike mbele ya kusoma hadi chini, juu kama ningekuwa sitaki hii kazi ifaulu ningenyamaza tu.

Nianze na sababu inayonifanya nijali. Wakati naandika memwari yangu, ilikuwa juu ya mnyauko wa migomba kule Kabare, ule ugonjwa unaofanya ndizi ziive upande mmoja na mti utoe uchafu wa njano ukiukata. Nilijua kwamba kuna wenzetu waliokwisha kupita katika vijiji vile mbele yangu. Nilitafuta kwenye intaneti, nikapata vichwa vya kazi tatu nzuri, nikabonyeza: anwani ya kwanza imekufa, ya pili imekufa, ya tatu inafunguka lakini faili haiko. Nikaenda kutafuta kwenye karatasi. Kabati lilikuwepo. Mchwa nao walikuwepo mbele yangu. Kazi moja ilikuwa imebaki na jalada, shukrani kwa baba na mama, na bibliografia. Katikati yote unga. Kwa hiyo nikatembea tena shamba kwa shamba, nikauliza wamama maswali yaleyale ambayo mtu mwingine aliwauliza miaka michache nyuma. Mama mmoja aliniambia: «Mwanangu, ninyi mnakuja kuandika kila mwaka, yale mliyoandika mnayaweka wapi?» Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana serveri hii ni jambo kubwa kwangu. Na ndiyo maana neno «imekwisha» liliniuma.

Kwanza niwape komite haki yao. Programu waliyochagua ni nzuri. DSpace ilitoka mwaka 2002, kazi ya maktaba ya MIT pamoja na kampuni ya HP kule Marekani. Ni ya bure, na inatumiwa na vyuo vingi sana duniani. Makerere wako nayo, Nairobi wako nayo. Ukisoma kazi ya mwanafunzi wa kilimo wa Kampala juu ya mihogo, kuna nafasi kubwa umeisoma kupitia DSpace bila kujua. Tena kuweka mashine hapa Bukavu, badala ya kukodi nafasi Ulaya, nako kuna akili yake. Sisi tunakumbuka tarehe 31 Desemba 2018, intaneti ilipokatwa nchi nzima baada ya uchaguzi, tukakaa karibu wiki tatu za Januari 2019 bila hata ujumbe mmoja kupita. Mashine iliyo hapa, mtu anaweza kuifikia kwa waya au kwa wifi ya ofisi hata nje kukiwa kumefungwa. Hilo naliunga mkono kabisa.

Lakini kuweka programu ya serveri si sawa na kuweka WhatsApp kwenye simu. WhatsApp ukishaiweka, unaandika namba yako, unaanza kusalimia watu. DSpace ukishaiweka uko na nyumba tupu yenye milango mingi, na milango yote inafunguka kwa ufunguo wa kiwandani. Wale walioitengeneza wanajua hivyo. Katika mwongozo wao, sehemu ya kuweka programu ni fupi kuliko sehemu ya yale yanayofuata. Shida yetu ni kwamba sherehe tunaifanya mwisho wa sehemu ya kwanza.

Niwaambie nilichokiona, na kila mtu anaweza kwenda kuhakikisha.

Angalieni anwani ya kazi yoyote katika serveri yetu. Katikati kuna namba 123456789. Watu wengi watafikiri ni namba ya kazi ile. Hapana. Katika DSpace kila maktaba inapaswa kuomba namba yake ya pekee, ili anwani ya kazi isife hata kama mashine imehama au jina la tovuti limebadilika. Makerere wako na 10570. Nairobi wako na 11295. Ile 123456789 ni namba ya mfano tu, imewekwa pale ili ubadilishe. Inamaanisha kwamba TFC zetu hazina anwani ya kudumu. Ziko na anwani ya kuazima, ambayo vyuo vingine vingi vilivyosahau kubadilisha navyo vinaitumia. Sasa mwanafunzi atanakili anwani ile katika bibliografia yake, jiri ataikubali, na baada ya miaka mitatu mwingine atabonyeza na kukuta hakuna kitu. Kumbukeni zile anwani zangu tatu. Sitashangaa kama zilikufa hivyo hivyo. Kuomba namba kunataka fomu na ada ndogo ya kila mwaka. Nimefanya hesabu, haifiki bei ya keki na Fanta za siku ile. (Samahani, wakubwa. Keki ilikuwa nzuri.)

La pili ndilo lililonichekesha, kisha likaniogopesha. Nilijaribu kuingiza memwari yangu mwenyewe. Mwishoni programu inakuonyesha mkataba, unabonyeza kwamba umekubali, ndipo kazi inapita. Nikasoma ule mkataba, na naona mimi ndiye wa kwanza kuusoma. Juu kabisa umeandikwa kwamba ni mfano tu, na kwamba mwenye serveri aweke wa kwake. Chini unasema mwandishi anatoa ruhusa ya kusambaza kazi yake kwa «DSpace University». Ndugu zangu, hakuna chuo chenye jina hilo duniani. Wale wote waliokwisha kuingiza kazi zao wamekipa ruhusa chuo ambacho hakipo, wala hawajaipa chama ruhusa yoyote. Hapa Kongo tuko na sheria ya haki za waandishi tangu Aprili 1986, na mtu akiamka kesho akasema «nani aliwaruhusu kuonyesha memwari yangu?», komite itamwonyesha karatasi gani? Kurekebisha hili ni ukurasa mmoja wa maandishi. Mwenzetu yeyote wa sheria anaweza kuuandika jioni moja, na humu wako wengi.

Kuhusu barua pepe nitapita haraka. Nilijifanya nimesahau neno la siri ili nione kama mashine itaniandikia. Barua ilifika, nashukuru, wengine hata hiyo hawapati. Ila kiungo kilichokuwa ndani kilianza na «localhost». Maana yake: mashine haijaambiwa jina lake. Inamwambia kila mtu anitafute ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Ni mstari mmoja katika faili la mipangilio.

Sasa utafutaji, na hapa naomba wanafunzi wasome polepole, juu ndipo kazi yenyewe iko. Niliandika «Mulungu» katika sanduku la kutafuta. Sisi wa agronomia tunajua, huwezi kuandika kitu juu ya kilimo cha Kivu bila kutaja kituo cha INERA cha Mulungu. Kila TFC ya fakilte yetu inakitaja walau mara moja, hata kama ni kwa kusema mbegu zilitoka kule. Jibu la mashine: hakuna. Nikaandika neno lililo katika kichwa cha kazi moja, nikaipata mara moja. Nikaelewa. Mashine inasoma vichwa na muhtasari tu, haisomi ndani. Kuna kazi ndogo ambayo inapaswa kupangwa ijiendeshe yenyewe kila usiku: inafungua kila faili, inatoa maandishi, inayaingiza katika faharasa. Mwongozo unaitaja wazi, pamoja na kazi zingine za usiku, kama ile ya kutengeneza ramani ya tovuti ili Google ituone, na ile ya kukagua kama kila faili bado iko sawa na siku iliyoingizwa. Kwetu hakuna hata moja iliyopangwa. Serveri inalala usiku wote kama mlinzi aliyekunywa kasiksi.

Tena hata tukiipanga hiyo kazi, bado. Zaidi ya nusu ya faili nilizofungua ni picha za kurasa, zimepigwa kwa simu au kwa skana za pale sekretaria. Picha haina herufi ndani yake. Inabidi kwanza ipitishwe katika programu ya kutambua herufi, halafu mtu asome na kusahihisha, hasa majina ya vijiji na majina ya Kimashi ya mimea, juu programu zile hazijui Kimashi. Hiyo si kazi ya informatiki. Ni yetu sisi tuliosoma. Mtu wa agronomia akae na kazi za agronomia, wa sheria na za sheria, wa uuguzi na za kwao. Ni kazi ndefu na haina picha ya kuweka Facebook.

Mnajua inanikumbusha nini? Zile siku za kugawa vikonyo vya mihogo. Gari linafika Walungu, bango linatandikwa, mkubwa mmoja anampa mama kifurushi cha vikonyo, picha, makofi. Ripoti inaandika: kaya kadhaa «zimefikiwa». Sasa rudi miezi minne baadaye uhesabu mashamba yaliyopaliliwa, na miti yenye mozaiki iliyong'olewa. Sisi tuliosoma kilimo huwa tunayacheka yale mabango. Sasa tumetandika la kwetu.

Nifike kwenye jambo ambalo ndilo lilinifanya niandike, na kama mko na haraka mngesoma hili peke yake. Niliuliza kuhusu nakala ya akiba. Nilijibiwa kwamba ipo: kila Jumapili hifadhi ya data ya PostgreSQL inanakiliwa kwenye diski ya nje. Vizuri. Lakini DSpace haiweki faili za kazi ndani ya hifadhi ya data. Katika hifadhi ya data kuna majina ya waandishi, vichwa, mihtasari, watumiaji. PDF zenyewe ziko pembeni, katika folda nyingine inayoitwa assetstore. Hiyo folda hainakiliwi. Kwa hiyo mashine ikifa kesho, tutarudisha orodha nzuri sana ya kazi ambazo hatuna. Jalada, shukrani kwa baba na mama, na bibliografia. Si ndivyo nilivyolikuta lile kabati?

Na mashine inaweza kufa. Hatuhitaji kuambiana habari za SNEL. Bwawa la Ruzizi I ni la mwaka 1958, mji umekuwa mara nyingi tangu wakati ule, na umeme unaondoka na kurudi kwa nguvu kama mtu mwenye hasira. PostgreSQL ilitengenezwa kwa akili ya kuvumilia kukatika ghafla, inaandika kwanza kwenye daftari lake mbele ya kubadilisha kitu. Diski haina akili hiyo. Na ile diski ya nje ya Jumapili nayo imechomekwa kwenye mashine ileile, katika kiberiti kilekile, juu ya meza ileile. Mwizi hatachagua moja.

Kuna wenzetu watasema naogopesha watu, kwamba haya ni mambo ya kwetu, wazungu hawana shida hizi. Wako nazo. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake yote ni kutunza programu za watu wengine, fundi wao mmoja aliyechoka usiku alifuta folda ya hifadhi ya data kwenye mashine isiyofaa. Wakakimbilia nakala za akiba. Walikuwa na njia tano. Wakagundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa inafanya kazi vizuri. Nyingine ilikuwa inashindwa siku nyingi kimya kimya, na barua za kuwaonya zilikuwa hazifiki. Iliyowaokoa ni nakala ambayo mtu aliichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa sababu zake zingine. Walipoteza data za saa zile sita na wakaeleza yote hadharani. Ninachokipenda katika kisa hiki ni kwamba hawakumlaumu yule fundi. Walijiuliza kwa nini hakuna aliyewahi kujaribu kurudisha.

Nami pia sitamlaumu kaka wa informatiki aliyekuja kutuwekea. Nilimpigia simu. Aliniambia: «Balinilipa juu ya kuinstale, nikainstale. Ile ingine hakuna mutu aliniomba.» Ni kweli kabisa. Niliona karatasi ya mapatano: siku mbili za kazi, kuweka Linux, Java, PostgreSQL, Solr, DSpace, kujaribu kama ukurasa unafunguka. Ukurasa unafunguka. Alitimiza. Sisi ndio tulioandika mapatano yanayoishia mlangoni. Na neno la siri la msimamizi liko katika simu yake, na katika simu yake tu. Alinipa bila kuniuliza mimi ni nani katika chama, nalo pia ni jambo la kufikiria.

Sasa, kwa nini nisingesubiri tu kusema haya katika kikao? Kwa sababu ajenda ya mkutano mkuu wa Jumamosi imetoka, na nukta ya nne inasema hivi: kwa kuwa kazi zote zimeingizwa katika serveri, nakala za karatasi zitaondolewa ili chumba cha nyuma kipangishwe. Kupangisha kutaleta pesa, naelewa. Chama kina madeni, naelewa. Lakini nukta ya nne inafanya karatasi itegemee folda isiyo na nakala.

Sisemi karatasi ni salama kuliko mashine. Mchwa wangu ni ushahidi. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulishuka kutoka mlima wa Table Mountain ukaingia chuo kikuu cha Cape Town, ukateketeza chumba cha kusomea cha maktaba ya Jagger pamoja na mkusanyo mkubwa wa vitabu vya masomo ya Afrika, vingine vigumu kupatikana mahali pengine. Chuo tajiri, chenye wazima moto. Vilivyokuwa na nakala ya kidijitali mahali pengine, maandishi yake yalibaki. Visivyokuwa nayo, ni majivu. Swali la karatasi au mashine halina maana kwangu. Kazi iliyo mahali pamoja tu, iwe pa karatasi au pa mashine, siku moja itapotea.

Mkubwa mmoja wa komite, ambaye namheshimu kama yaya wangu, aliniambia kwa simu: «Wee kijana, badala ya kukosoa, si ungesaidia?» Ana haki. Basi hivi ndivyo niko tayari kusaidia, na nimezungumza na wenzetu wawili wa informatiki waliokubali bila malipo, ila nauli na chakula. Mkataba wa waandishi na jina la mashine, tunamaliza wiki hii. Kazi za usiku, wiki ijayo. Namba ya kudumu inahitaji sahihi ya rais wa chama na ile ada. Nakala ya assetstore itatoka kila usiku kwenda kwenye diski itakayolala Kadutu, nyumbani kwa mwanachama tutakayemchagua pamoja, na mara moja kwa mwezi nyingine itavuka kwenda Goma au Kinshasa. Neno la siri liwe kwa watu watatu, wala si katika simu. Kusoma picha na kusahihisha herufi kutachukua mwaka mzima au zaidi, na hapo nahitaji mikono yenu, hasa ninyi mlio bado bankini mwa shule mkisubiri jiri.

Na kuhusu nukta ya nne, ninaomba kitu kimoja tu mbele ya kura. Jumamosi nitakuja na ordinateri yangu, tupu. Tuzime serveri mbele ya watu wote. Tuchukue diski ya Jumapili, tujaribu kurudisha maktaba yote ndani ya ile ordinateri, kisha mama yeyote aliye ukumbini ataje kazi moja, tuifungue hadi ukurasa wa mwisho. Ikifunguka, nitakuwa wa kwanza kuinua mkono chumba kipangishwe, na keki ya mara hii nitaileta mimi. Isipofunguka, karatasi zibaki, na mnipe ufunguo wa chumba nikanunue dawa ya mchwa.